Kichwa Bila Maji: Sikio Langu na Shampuu za Unga

Kama umeambiwa usiloweshe kichwa, na sasa unasoma haya huku kidole kimoja kikitafuta njia ya kupenya chini ya kilemba ujikune, pole. Nakujua. Nimekaa hapo ulipo tangu kiangazi hadi mvua zilipokolea. Leo nywele zangu zimeoshwa, zinanukia sabuni, na nina hamu ya kusimulia. Sitakufundisha udaktari maana siujui. Nitakueleza habari za kichwa changu, za nyumba yangu, na za shampuu za unga: ipi ni ya kununua na ipi ni ya kumwachia muuzaji wake.

Mimi mwenyewe ni muuzaji. Nina duka la vipodozi Kibondo, jirani na soko, na watu huniita Mama Nadra. Nimeuza mafuta, rasta, dawa za nywele na vitana vya kila namna. Wakala wa Kasulu alipoleta makopo ya shampuu kavu nilimrudishia huku nacheka. "Nani Kibondo atanunua sabuni isiyotaka maji?" nilimwambia. "Hiyo wapelekee watu wa jangwani." Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na mimi nilikuwa naumbwa wakati ule ule nikimcheka.

Sikio langu la kushoto limekuwa bovu tangu utotoni. Lilitoa usaha, likakauka, likatoa tena, nikalizoea kama mtu anavyomzoea jirani mlevi. Nilijifunza kukaa upande ambao sikio zima linamwelekea mteja. Halafu ukaja mwaka usaha ukagoma kukauka, ukaanza kunuka, na siku moja nikiwa nashusha kopo kwenye rafu, duka zima likazunguka. Nilijikuta nimekaa sakafuni, mafuta ya nazi yamenimwagikia mapajani. Hospitali ya Kibondo wakanipeleka Kasulu, Kasulu wakaniandikia Mwanza, na Mwanza wakanipasua.

Kuhusu Mwanza nina machache. Nakumbuka kuamka na kichwa kilichofungwa bandeji kubwa, nikitapika kila nilipogeuza shingo, na mume wangu Hamisi ameshika beseni bila kugeuza uso. Nakumbuka pia chai. Chai ilikuwa na ladha ya sarafu, kama vile nimelamba shilingi, na ladha hiyo ilikaa upande mmoja wa ulimi wangu kwa majuma mengi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ukiguswa sikio ulimi nao hulalamika. Ukiipata hiyo ladha usiogope, mwambie daktari, uendelee na chai yako.

Tulirudi nyumbani kiangazi kimeanza. Bandeji ilipotoka nikaomba kioo. Nyuma ya sikio walikuwa wamenyoa upana wa kiganja, na ngozi pale ilikuwa imekufa ganzi, ukiigusa ni kama unagusa ngozi ya mtu mwingine. Nywele zangu nyingine zilikuwepo zote, nyingi, ndefu, za kutangazia biashara. Nilifurahi sana kuziona. Sikujua kwamba ndizo zitakazonitesa.

Kliniki nilipangiwa Kasulu, kwa daktari wa masikio anayekuja pale kwa siku zake. Kidonda kilikuwa bado kinavuja. Alikaa upande wangu wa kulia ili nimsikie, akanieleza taratibu. Sikio likikauka vizuri, kuna matumaini litasikia, pengine kuliko lilivyowahi kusikia. Maji yakiingia kabla ya hapo, tutarudi Mwanza, na safari ya pili yeye haahidi kitu. Nikamuuliza kuhusu pamba yenye mafuta ya mgando, maana nilisikia wengine huziba hivyo wakaoga. Akasema wapo anaowaruhusu, lakini si mtu mwenye kidonda kama changu.

"Kichwa chako ni marufuku kwa maji mpaka mimi mwenyewe niseme," akasema. "Hata manyunyu."

Niliitikia kwa kichwa, kwa utiifu mkubwa. Juma la kwanza lilipita vizuri. Baada ya hapo kichwa kilianza kuwasha, kisha kikawa kinachoma, mba zikawa zinashuka mabegani kila nikivua mtandio. Vumbi jekundu la kiangazi lilifanya yake, linapenya hadi kwenye sanduku lililofungwa, sembuse utosini. Halafu ikaja harufu. Sitaipamba: kichwa changu kilinuka. Jasho la zamani, mafuta ya zamani, na chini yake ile harufu ya sikio. Mimi niliyekuwa nawauzia wenzangu manukato nilianza kusimama mbali na kaunta.

Hamisi hupakia maharage kwenye malori na ana marafiki madereva kila kona ya nchi. Siku moja alirudi na mfuko mdogo, akauweka kitandani, akaenda zake kuoga kabla sijaufungua. Ndani kulikuwa na kopo refu la bluu, lenye picha ya mwanamke wa Kizungu anarusha nywele. Shampuu kavu ya kupuliza, iliyotoka Dar es Salaam. Nililia kidogo, kwa haya na kwa shukrani, kisha nikaanza kulisoma kwa macho ya mfanyabiashara.

Basi nianze na hilo kopo la kupuliza. Faida yake ni wepesi: unatikisa, unapuliza, unasubiri, unachana. Harufu nzuri inakuja papo hapo. Kasoro zake ni tatu, na kwa mgonjwa zote ni kubwa. Kwanza linaacha unga mweupe kwenye nywele nyeusi, na nilipotoka nje mwanangu Nadra aliniuliza, "Mama, umezeeka saa ngapi?" Pili, lina spiriti, na ngozi iliyokwanguliwa na kucha inaungua. Tatu, mvuke wake haujui mipaka. Ukilenga utosi, unashuka hadi sikioni, na nilipolipuliza mara ya kwanza kidonda kilichoma hadi nikaruka. Mwenye kichwa kizima na haraka zake anunue. Mwenye kidonda aliache dukani.

Tatizo langu lakini lilizidi mba, na hapa wasomaji Waislamu watanielewa haraka. Hedhi inapokatika, mwanamke anaoga josho, na josho ni maji hadi kwenye mashina ya nywele. Mimi maji sikuruhusiwa. Nilimwendea mwalimu wetu wa darasa la akina mama msikitini, akanijibu bila hata kufikiri: nioge mwili, kichwa nisikiguse, nitayamamu kwa udongo safi, niswali. "Mgonjwa hakukalifishwa asichokiweza," akasema. Nilitoka pale nimepumua.

Mama mkwe wangu hakupumua. Anaitwa Bi. Mwamini, tunaishi naye, na ukoo wao ni wa Ujiji, watu wa dini na usafi tangu enzi za mababu. Yeye alilelewa akijua kwamba mwanamke ambaye hajalowesha kichwa hajatwaharika, kwa hiyo hashiki sufuria.

"Mwalimu wa siku hizi huyo," alisema. "Sisi tuliambiwa maji."

"Mama, daktari kakataza."

"Daktari anajua sikio. Josho analijua?"

Hakunifokea. Aliacha tu kula chakula changu. Nikiandaa, anasema ameshiba. Nikitoka jikoni, anaingia anajichemshia ndizi zake kwenye kisufuria chake. Afadhali angenitukana. Nilikuwa napika wali kwa mikono niliyoiosha mara mbili mbili, na mtu niliyemwita mama hauli. Niliumia, na nilikasirika pia, nisijifanye malaika.

Nilipozidiwa na nyumba nilikimbilia Kasulu kwa wifi yangu Shamimu, dada yake Hamisi, mwenye saluni karibu na stendi. Kila kliniki nilifikia kwake. Shamimu hana huruma ya maneno, ana huruma ya mikono. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akafunua kichwa changu, akainama kutazama.

"Wifi," akasema, "hapa pamelimwa mahindi."

Ndiye aliyenianzishia majaribio. Alinisuka twende kilioni, mistari minyoofu kwenda nyuma, mbali na kidonda, kisha akanionyesha jambo ambalo nataka ulishike kuliko makopo yote. Nywele zikiwa zimesukwa mistari, ngozi iko wazi. Chukua kitambaa laini, kichovye maji ya uvuguvugu, kikamue hadi kisidondoshe hata tone, kizungushe kidoleni, ufute mstari mmoja mmoja, ukiuacha ule ulio karibu na sikio. Nilimuuliza daktari kwanza, akasema kitambaa kilichokamuliwa sawa, kwenye utosi tu. Nawe muulize wa kwako. Baada ya kufutwa mara ya kwanza nililala usingizi wa mchana pale pale kitini, wateja wanapiga kelele za umbea juu yangu.

Shamimu alikuwa na shampuu ya povu pia, ya chupa ya kubonyeza. Povu halirukiruki kama mvuke, linakaa unapoliweka. Linaondoa harufu kweli, na halifanyi mvi. Lakini ni bichi, linachukua muda kukauka, na kwangu mimi kila kitu kibichi kilikuwa adui. Mwenye rasta au nywele za kusuka, asiye na kidonda, hilo ndilo ningemuuzia leo bila kusita. Bei yake inauma lakini chupa inadumu.

Poda ya mtoto tulijaribu pia, kwa kuwa ipo kila duka. Ni rahisi, na inanukia mtoto. Ubaya ni kwamba inajenga tabaka. Ukiipaka leo na kesho na keshokutwa bila kuosha, unapata ngozi ya pili juu ya ngozi, na chini yake kunawasha kuliko mwanzo. Itumie siku ya harusi ya mtu, uende ukarudi.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Nilisikia mteja saluni akisema huko kwao bibi zao walisafisha nywele kwa unga mkavu. Nikafikiri, unga? Mimi mtu wa Kibondo nihangaike na makopo ya Dar wakati unga wa muhogo umejaa debe jikoni? Niliporudi nyumbani nikachekecha, nikapata unga laini mweupe, nikauchanganya na kakao kidogo ili usinifanye mzee. Nikajipaka kwa brashi, nikajipiga kilemba, na ilipofika siku ya kliniki nikapanda basi la Kasulu nikijiona mgunduzi.

Nilichosahau ni kwamba unga wetu wa nyumbani ni wa muhogo uliovundikwa. Tunaupenda ugali wake kwa ile harufu yake chachu. Ukiwa mkavu harufu inalala. Basi lilikuwa limejaa, jua la mchana, kilemba kizito, na jasho likaanza kushuka. Nilipokaa kwenye benchi la kusubiri, unga ulikuwa umeamka.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mkulima wa Makere, mama Ezekieli, tuliyezoeana kwa kukutana kliniki. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, na yeye ni mtu wa kusema lililo moyoni. Alinusa upande huu, akanusa upande ule.

"Yooo! Nani ameleta bugali humu akatuficha?"

Watu wakacheka, wakatazama mifuko yao. Mimi nikajifanya nautazama wangu. Akanusa tena, akanisogelea.

"Mama Nadra, ni wewe! Fungua basi tule, mimi nimeamka na chai kavu."

Nilimnong'oneza kwamba hakuna cha kufungua, ni kichwa. Mama Ezekieli alicheka hadi akajishika ubavu, muuguzi akatoka kutazama nani anaumwa. Mimi nikaanza kucheka pia, na ndiyo mara ya kwanza nilicheka kwa sauti tangu Mwanza. Yeye ndiye aliyenirekebisha. "Tafuta muhogo mtamu," akasema, "ule wa kumenya na kuanika tu, usiolowekwa. Ukauke kabisa, utwange, uchekeche kwa kitambaa. Huo haunuki kitu."

Alisema kweli. Huo ndio uliokuwa unga wangu wa kiangazi chote: muhogo mtamu mkavu, kakao kidogo, brashi laini, kichwa nimekiinamisha kulia, na kipande cha pamba kavu mlangoni mwa sikio kisije kikaingia kitu. Unaacha unga unywe mafuta, kisha unachana hadi utoke wote. Kutoka wote ndiyo siri, kwa sababu unaobaki ndio unaogeuka uchafu.

Kiangazi kilipokuwa kinaelekea mwisho, kidonda kilikuwa kimeanza kufunga. Ndipo siku moja baada ya alasiri Bi. Mwamini akaingia chumbani kwangu. Hakuwa ameingia kwa muda mrefu. Mkononi alikuwa na kichupa kidogo amekifunga kwenye leso. Nilikijua. Kilikuwa na maji ya zamzam, aliletewa na ndugu yake aliyekwenda hija, na aliyaweka sandukuni pamoja na sanda yake kwa ajili ya siku yake ya mwisho. Kila mtu nyumbani alijua kwamba hayaguswi.

"Nimefikiri," akasema. "Sikio lako hili limetusumbua. Lala ubavu, nikutie matone. Haya ni ya shifaa."

Alikuwa ameleta kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo. Na kile alichotaka kufanya kingeweza kunirudisha Mwanza, kwenye safari ambayo daktari hakuiahidi kitu. Nilitafuta maneno laini, nikayakosa.

"Mama," nikasema, "maji ni maji."

Akakifunga tena kichupa kwenye leso, akatoka.

Najua nilichokusudia, na najua alichosikia. Jioni hiyo alimwambia Hamisi kwamba mkewe amefananisha zamzam na maji ya bomba. Hamisi alisimama katikati, maskini, akimwambia mama yake avumilie na mimi niombe radhi. Niliomba radhi. Nilimwambia nitayanywa kwa nia ya kupona, kunywa hakukatazwi, tena nilitamani. Bi. Mwamini akasema yamesharudi sandukuni. Mvua za kwanza zilitukuta hivyo, tunasalimiana kwa adabu zote na hatuzungumzi.

Mvua zilileta mateso mapya. Unga wa muhogo na unyevunyevu havipatani. Asubuhi yenye ukungu ulinishika kichwani kama uji, nikautoa kwa kitana vipande vipande huku natukana kimoyomoyo. Nilirudi kwa yule wakala niliyemcheka, nikamwambia anipe kila alichonacho. Akanipa, akiwa na tabasamu ambalo nilistahili. Ndipo nikaipata shampuu ya unga ya kopo dogo lenye matundu kama la chumvi, ya rangi ya kahawia, iliyotengenezwa kwa nywele kama zetu. Hairuki, unajimiminia penye haja. Haifanyi mvi wala haina spiriti, na ukungu hauigeuzi ugali. Kama una kidonda na una uwezo wa kununua kopo moja tu, nunua la aina hiyo, na kabla ya kulipa nusa: yenye manukato makali irudishe, maana ngozi iliyochoka haitaki kelele.

Kabla ya kliniki iliyofuata Hamisi alipata safari ya mzigo, na safari iliyopita daktari alikuwa ameagiza nisisafiri tena peke yangu kwa sababu ya kizunguzungu. Nilidhani nitaahirisha. Asubuhi Bi. Mwamini alitoka chumbani amevaa baibui lake la kutokea, pochi kwapani.

"Twende," akasema. "Nataka nimwone huyo daktari anayekataza josho."

Njia nzima alitazama dirishani. Kasulu tulikuta benchi limejaa, na mama Ezekieli akatusogezea nafasi, akamwamkia kwa kupiga goti kidogo. Akina mama wa benchini hawakawii kuulizana habari, na muda si mrefu Bi. Mwamini alikuwa ameshaeleza kisa chote, bila kunitaja vizuri. Mama Ezekieli alimsikiliza akiwa amegeuza shingo, kwa kuwa naye ana sikio moja tu.

"Mawe! Mama, shukuru alikataa," akashangaa kwa Kirundi chake. "Mimi nikiwa binti sikio liliuma, nyanya yangu akanikamulia majani humu ndani. Si kwa ubaya. Alikuwa ananipenda kuliko wajukuu wote. Alinipenda, na sikio lilikufa hivyo hivyo."

"Lilikufa kabisa?"

"Ego, kabisa. Hata ngurumo ya mvua siisikii huku."

Bi. Mwamini aliitazama mikono yake iliyokuwa juu ya pochi. Tulipoitwa ndani hakumuuliza daktari juu ya josho wala zamzam. Aliomba tu aonyeshwe. Daktari akamulika, akamwonyesha kidonda nyuma ya sikio, ile ngozi mpya ya waridi, nyembamba, na akamweleza kwamba ndani nako ni hivyo hivyo, kama ngozi ya mtoto aliyezaliwa leo. Bi. Mwamini alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo.

Jioni ile, nyumbani kwa Shamimu, nilikuwa nahangaika kujipaka unga mwenyewe, shingo imekakamaa. Bi. Mwamini akaninyang'anya brashi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa wifi yangu. Aliinamisha kichwa changu, akaweka pamba mlangoni mwa sikio, akapaka mstari kwa mstari, na alipomaliza akachana hadi kitambaa alichonitandika mabegani kikajaa. Tuliporudi Kibondo alikaa mezani akajipakulia wali nilioupika, akaomba na mchuzi. Nilikwenda uani nikajifanya natafuta kuni.

Tangu siku hiyo kichwa changu kilikuwa chake. Alijua kopo lipi limebaki robo, alijua siku za kitambaa na siku za unga. Dukani aliwaambia wateja wangu, kwa mamlaka kamili, kwamba lile la bluu ni la kujipulizia wendawazimu. Nimeliondoa rafuni kwa sababu yake.

Kliniki ya mwisho iliangukia wakati maharage yameshatoa maua. Bi. Mwamini alikuja, hakuulizwa. Daktari alimulika kwa muda mrefu, akapangusa, akamulika tena, kisha akasema neno moja: kavu. Nilidhani nitaruka. Akanizuia kwa mkono.

"Tupime usikivu kwanza."

Kwa kawaida alisimama nyuma yangu akinong'ona namba, nami nikazirudia, na kila mara sikio la kushoto liliambulia patupu. Safari hii akasema namba zake nimeshazikariri. Muuguzi akaziba sikio langu zima, la kulia, na kulisugua kwa karatasi ili lisiibe sauti. Daktari akamwomba Bi. Mwamini asimame nyuma yangu, upande wa kushoto, aseme chochote anachotaka, kwa sauti ya chini.

Nilitazama ukuta. Karatasi ilikuwa inachakarisha kama panya upande wa kulia. Nikasubiri. Nilifikiri juu ya miezi yote ya kuinamisha kichwa, na nilimwomba Mungu waziwazi, kama mtoto, nisikie chochote, hata kikohozi. Halafu upande wa kushoto, kwa mbali kidogo lakini wazi, ikaja sauti yake.

"Amesema nini?" daktari akauliza.

Nilikuwa nimesikia kila neno. Ila alikuwa mtu mzima, mama mzazi wa mume wangu, amesimama mbele ya daktari na muuguzi na mlango uliokuwa wazi kwenye benchi. Nilimwonea haya.

"Amesema twende nyumbani tukaoshe kichwa," nikajibu.

Daktari akamgeukia. Uso wa Bi. Mwamini ulikuwa umepauka.

"Sivyo!" akasema. "Sivyo, daktari, sikusema hivyo. Hakusikia! Mpime tena!"

Kabla daktari hajafungua mdomo, alikuwa amenishika mabega yote mawili, ameinama upande wa kushoto, na safari hii hata mama Ezekieli angesikia kwa sikio lake lililokufa.

"Nimesema nisamehe, mwanangu. Nisamehe!"

Niliushika mkono wake uliokuwa begani kwangu.

"Nimesikia, mama," nikamwambia. "Nilisikia ile ya kwanza."